Kiwanja Changu, Usingizi wa Jirani

 

Ndugu wasomaji, suala lenyewe ni hili. Mtu amenunua kiwanja katikati ya nyumba za watu. Hati anayo, kodi ya ardhi analipa, hakumdhulumu yeyote katika kununua. Sasa anataka kuweka hapo mashine ya kusaga, au karakana ya kuchomelea vyuma, au baa, au ghorofa tano ambazo madirisha yake yote yanatazama uani kwa majirani, pale wanawake wanapofulia na kuanika nguo. Mamlaka ya mji inamzuia kwa hoja kwamba eneo hilo limepangwa kuwa la makazi. Je, imemdhulumu katika mali yake, au imewalindia majirani haki ambayo ilikuwa yao kabla yeye hajafika?

Ukilitupa swali hili bwenini utapata majibu mawili. La kwanza: hayo ni mambo ya serikali na wahandisi, dini haihusiki. La pili linatolewa na wale waliokaa darsani kidogo: Uislamu umekwisha maliza, Mtume (s.a.w.) amekataza mtu kudhuru na kukataza kulipa dhara kwa dhara, basi. Jibu la kwanza si sahihi. La pili ni sahihi lakini linakatisha mazungumzo pale hasa yanapoanza kuwa magumu, kwa sababu anayezuiwa kujenga naye anasema amedhuriwa. Ana mkopo wa benki na watoto wa kusomesha.

Wanachuoni wetu hawakuishia kwenye hadithi hiyo. Walijenga juu yake, na walitofautiana.

Wengi wetu ukanda huu tumelelewa katika madhehebu ya Imam Shafi'i, na Minhaj ya Imam Nawawi tunaitaja kila siku. Fungua mlango wa kuhuisha ardhi mfu, kisha utafute pale anapozungumzia mtu kutumia milki yake. Utakuta kwamba kauli anayoipa nguvu ni kuwa inajuzu mtu kuigeuza nyumba yake iliyozungukwa na makazi kuwa hamamu au zizi la wanyama, na kuligeuza duka lake lililo kati ya wauza nguo kuwa la mhunzi, mradi achukue tahadhari na aziimarishe kuta. Hamamu, zizi na mhunzi ni moto, harufu na nyundo. Kwa hiyo yule bwana wa mashine ya kusaga akija kwetu na kitabu mkononi, kitabu ni chetu.

Nalisema hili wazi kwa kuwa nimesikia mihadhara mingi inayowasilisha fiqhi ya ujirani kana kwamba wote walisema neno moja. Hoja ya Shafi'i si nyepesi. Anayemiliki anamiliki. Ukimpa jirani mamlaka ya kukuzuia kila anapokereka, milki yako imekuwa ya kuazima, na kumfungia mtu mali yake nako ni kumdhuru. Ni hoja ambayo maskini anaihitaji kuliko tajiri, na nitairudia baadaye.

Upande wa pili wako Wamaliki, na huko ndiko elimu ya ujenzi ilikopanuka kuliko kwingine. Tunis ya karne ya 14 alikuwako mtu aliyeitwa Ibn al-Rami. Alikuwa mwashi, fundi wa mawe na chokaa, na kadhi alimtuma kukagua nyumba ambazo majirani waligombania. Akakusanya kesi hizo na kauli za mafakihi katika kitabu kuhusu hukumu za majengo. Humo unakuta moshi wa tanuri na hamamu, harufu ya ngozi inayotengenezwa, maji ya mifereji, milango inayokabiliana, na madirisha yanayochungulia. Kwa Wamaliki dhara la aina hiyo likithibiti, mwenye mali huzuiwa, hata kama anafanya ndani ya kuta zake.

Ila lithibiti. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa mashine ya kusaga, yaani kinu kilichozungushwa na mnyama. Jirani anadai ukuta wake unatikisika, mwenye kinu anakana. Ibn al-Rami anaeleza jaribio: chukua karatasi, ifunge nyuzi kwenye pembe zake nne, itundike karibu na ukuta unaolalamikiwa, weka juu yake punje kavu za giligilani, kisha mwambie mwenye kinu akizungushe. Punje zikicheza juu ya karatasi, dhara lipo. Zisipocheza, mlalamikaji arudi nyumbani kwake. Leo tuna vipimo vya desibeli, na Uganda ina kanuni za kelele tangu mwaka 2003 zinazoweka kiwango cha mchana na cha usiku kwa maeneo ya makazi. Ni giligilani ileile.

Na kabla ya Ibn al-Rami imepokewa kisa cha Sayyidna Umar (r.a.). Kharija bin Hudhafa alijenga chumba cha juu huko Fustat, Misri, na habari ikafika Madina. Katika moja ya riwaya Umar alimwandikia gavana wake, Amr bin al-As, kwamba pawekwe kitanda ndani ya chumba hicho na mtu asiye mrefu sana wala mfupi sana asimame juu yake: akiweza kuona kwa jirani, dirisha lizibwe. Amirul-muuminina hakumzuia Kharija kwenda juu. Alichotaka kujua ni mtu wa kawaida ataona nini akiwa pale. Ofisi ya mipango miji inayotoa kibali cha ghorofa kwa kutazama mchoro wa sakafu tu, bila kuuliza dirisha linaangalia wapi, bado haijafika kwenye swali la Umar.

Basi tuache madhehebu yetu tuchukue ya Malik? Sidhani tunalazimika. Nawawi anaposema kauli fulani ndiyo sahihi zaidi, kwa istilahi yake anatujulisha pia kwamba ndani ya madhehebu iko kauli ya pili yenye nguvu. Halafu kuna masharti. Anasema mtu atumie milki yake kwa mujibu wa desturi, achukue tahadhari na aimarishe kuta. Ukuta mnene wa udongo na mawe ulitosha kuizuia nyundo ya mhunzi. Spika za baa hazizuiwi na ukuta wa matofali ya kuchoma na paa la bati, na moshi wa jenereta hauombi ruhusa. Anayeshindwa kutimiza sharti hawezi kudai ruhusa iliyofungwa na sharti hilo.

Kuhusu desturi, mji wenye mpango umekwisha tangaza desturi yake. Kigali ilipitisha mpango kabambe mwaka 2013 na ikaurekebisha mwaka 2020. Anayenunua kiwanja leo anaweza kujua kabla ya kutoa pesa kama kiko katika ukanda wa makazi, wa biashara au wa viwanda. Amenunua akijua, na Waislamu hufungwa na masharti waliyoyakubali. Zaidi ya hapo, mafakihi wanakubali kwamba mtawala anaweza kuzuia jambo la halali likiwa na maslaha ya watu wote yanayoonekana. Kwa njia hii Mshafi'i anaweza kuutii mpango wa mji akiwa palepale alipo, na autii kama amana.

Lau suala lingekuwa hilo tu, makala ingeishia hapa.

Lakini maneno "kulinda makazi" yana historia, na sehemu ya historia hiyo imetupitia sisi. Wabelgiji walipotawala Rwanda waliwatenga Waislamu wa Kigali katika kile walichokiita kambi ya Waswahili, upande wa Biryogo na Nyamirambo. Kutoka kulihitaji kibali. Ulikuwa mpango wa mji ule, wenye ramani na mipaka, na lengo lake lilikuwa kulinda wengine dhidi yetu. Profesa W. J. Simpson alizunguka Afrika Mashariki mwaka 1913 na kushauri, kwa jina la afya, kwamba Wazungu, Wahindi na Waafrika wakae mbalimbali na kuwe na uwanda mtupu kati yao. Miji yetu mingi bado ina viwanja vya gofu na bustani mahali ambapo uwanda huo ulichorwa.

Wamarekani nao. Mwaka 1917 Mahakama Kuu yao ilifuta sheria ya mji wa Louisville iliyowagawa watu mitaani kwa rangi. Mwaka 1926, katika kesi ya kijiji cha Euclid kilicho karibu na Cleveland, mahakama hiyohiyo ilibariki kugawa mji kwa matumizi ya ardhi, na katika hukumu yake jengo la nyumba za kupanga likafananishwa na kupe anayenyonya uzuri wa mtaa wa nyumba za familia mojamoja. Ona jinsi maneno yalivyoteleza. Kesi ilihusu zaidi kiwanda, lakini aliyeitwa kupe ni mpangaji. Sheria ya rangi ilikuwa imeondoka, ikabaki sheria ya ukubwa wa kiwanja, na asiye na uwezo wa kiwanja kikubwa akabaki nje.

Tusiwacheke. Kigali, mwaka 2008, Kiyovu ya maskini iliondolewa katikati ya mji na wakazi wengi wakapelekwa Batsinda. Mwaka 2022 ilimalizika kuondolewa Kangondo na Kibiraro, mtaa ambao watu waliuita Bannyahe, uliokuwa umebanana na nyumba za kifahari za Nyarutarama. Waliokuwa na nyumba walipewa makazi Busanza. Baadhi yao walitaka fidia ya fedha na wakaenda mahakamani. Sibishi kwamba miteremko mingine ya Kigali haifai kukaliwa na mtu, mvua za Aprili zinatosha kuwa ushahidi. Ila fidia hufuata mali. Mpangaji wa chumba kimoja, mama aliyekuwa akiuza nyanya mlangoni, na mtoto aliyetembea dakika kumi kwenda shule, huyo hana mali ya kupimwa. Naye alikuwa jirani. Jibril (a.s.) alimuusia Mtume (s.a.w.) kuhusu jirani mpaka akadhani atamfanya mrithi, na usia ule haukuuliza kama jirani ana hati.

Hapa ndipo naona fiqhi inatupa kisu kikali kuliko vitabu vingi vya mipango miji. Kwa mafakihi dhara ni tendo. Moshi unapanda, sauti inapenya, jicho linachungulia, maji yanamwagikia upande wa pili. Kuwepo kwa mtu maskini karibu na ukuta wangu hakumo katika orodha. Hali yake duni haitikisi giligilani.

Kuna dalili nyingine katika mlango wa shuf'a. Mahanafi wanampa jirani haki ya kutangulizwa katika kununua kiwanja cha ubavuni kwake, na moja ya sababu wanazotaja ni kujikinga na jirani mbaya. (Sisi Mashafi'i haki hiyo tunaiweka kwa mshirika tu.) Lakini tazama gharama: asiyemtaka mgeni inampasa alipe bei ileile ambayo mgeni angelipa, kutoka mfukoni mwake. Hawezi kwenda kwa liwali aombe mgeni afukuzwe kwa sababu atashusha hadhi ya mtaa. Matajiri wa mitaa ya vilimani wanaoomba viwanja vidogo visiruhusiwe karibu nao wanadai shuf'a bila kutoa fedha.

Kwa hiyo mtu anapotuambia "tunalinda makazi", tumuulize: mnayalinda na tendo gani? Akitaja kiwanda cha rangi, baa, lori la mchanga saa nane za usiku, tumsikilize. Akitaja aina ya watu, hana hoja ya kisheria mbele yetu, na hapo Shafi'i mwenye kutetea milki ya mtu ndiye wa kusimama naye: mwenye chumba chake cha bati ana milki sawa na mwenye jumba.

Sasa tuje nyumbani kabisa. Machi 2018, wilaya ya Nyarugenge, yenye Waislamu wengi kuliko sehemu nyingine za Kigali na yenye msikiti wa Al-Fatah uliojengwa mwaka 1913, ilipiga marufuku adhana kwa vipaza sauti kwa sababu ya kelele. Kipindi hichohicho makanisa zaidi ya 700 ya Kigali yalikuwa yamefungwa kwa sababu za usalama wa majengo, usafi na kelele. Wenzetu waliosemea Waislamu waliomba sauti ipunguzwe badala ya kuzimwa.

Maoni yangu ni kwamba ombi lile lilikuwa fiqhi sahihi na marufuku ya jumla ilizidi mpaka. Dhara hupimwa, halafu huondolewa kwa kiasi chake. Umar aliamuru dirisha lizibwe, chumba kikabaki. Adhana ni dakika chache, ni alama ya dini, na katika mtaa wenye Waislamu wengi ni sehemu ya desturi ambayo anayehamia anaikuta. Lakini tuwe waadilifu. Vipaza sauti vya nje vya misikiti yetu havitoi adhana pekee. Vinatoa darsa baada ya Alfajiri, kaswida jioni nzima, matangazo ya michango, na Ramadhani vinarusha tarawehe mpaka chumbani kwa muuguzi Mkristo aliyetoka zamu ya usiku. Hayo hayana hukumu ya adhana. Anayetaka kusikiliza yuko ndani, na spika za ndani zinamtosha. Tunapolalamikia kanisa la turubai linalokesha kwa ngoma nyuma ya hosteli, huku sisi tunarusha kaswida saa nne za usiku, karatasi ya Ibn al-Rami itundikwe kwenye kuta zote mbili. Septemba 2023 serikali ya Rwanda ilipoweka saa ya kufunga baa na kumbi za usiku, saa saba za usiku siku za kazi na saa nane mwisho wa wiki, tulifurahi sana, na hoja iliyotumika ilikuwa ileile ya usingizi wa jirani.

Mpango wa mji haumfanyi mtu kuwa jirani mwema, hilo nalikubali. Mwaka 1994, katika mitaa hii ya Nyamirambo yenye nyumba zilizobanana, wako Watutsi waliookoka kwa sababu jirani aliwaficha, na wako waliouawa hatua chache kutoka hapo kwa mikono ya watu waliokuwa wakiwasalimia. Ramani ilikuwa moja. Hata hivyo mpango unaweza kumrahisishia au kumgumishia mtu wema wake. Watu hawawezi kujuana katika mtaa ambao kila anayeweza kuhama amekwisha hama kwa sababu ya kelele, wala katika mtaa unaobomolewa kila baada ya miaka kumi.

Tunao mfano mdogo mbele ya macho yetu. Biryogo, mwaka 2021, wakati wa korona, mji ulifunga barabara kwa magari karibu na msikiti, lami ikapakwa rangi, na wenye migahawa wakatoa meza nje. Gari likaondoka, watu wakabaki. Chai ya maziwa, sambusa na mishkaki viko palepale. Mtaa umelindwa dhidi ya tendo, yaani honi, moshi na mwendo kasi, bila kumwondoa mkazi hata mmoja kwa tingatinga. Kitakachohitaji kuangaliwa ni kodi. Mtaa ukipendeza mwenye nyumba huona, na mpangaji anaweza kuhamishwa na bei kama anavyohamishwa na tingatinga, ila kimyakimya. Sijaona bado kitabu cha fiqhi ya ujirani kinacholizungumza dhara hili kwa kirefu, na kwa wanaotafuta mada ya utafiti wa mwaka wa mwisho, hii ipo na hakuna aliyeishika.

Jambo la mwisho ni mama mwenye kibanda cha chapati. Amekaa katika ukanda uliopangwa kuwa wa makazi tu. Kwa herufi ya mpango wa aina hiyo, jiko lake ni biashara, naye ni mvunja sheria sawa na mwenye baa. Hilo si kweli, na marekebisho ya Kigali ya mwaka 2020 yalilegeza mkono kwa kuruhusu matumizi mchanganyiko mahali ambapo mpango wa kwanza ulikuwa mgumu. Moshi wake unaingia kwa jirani wa kulia? Basi na apewe bomba la bati la kuupandisha juu ya paa, gharama wachangie wanaokula chapati, na afisa aende zake. Halmashauri ikiweka mpango wazi ili wananchi watoe maoni, tuwepo kumsemea, maana hadi sasa mara nyingi huwa tunakwenda pale tu kiwanja kinachojadiliwa kikiwa cha msikiti.